Tulivyopakatwa Kwenda Lupiro

Niliwapeleka wadogo zangu watatu Lupiro kwa sababu shangazi yetu alituma neno kwamba anataka kuwaona. Wenyewe niliwaambia tunakwenda matembezi: tutapanda basi, tutavuka mto kwa pantoni, tutakula kwa shangazi, kisha tutarudi nyumbani. Sikuwadanganya, ila sikuwaambia neno lote. Mama yetu alipofariki wakati wa masika, wazee wa ukoo walikaa wakasema watoto wagawanywe kwa ndugu. Mimi nikaomba niachwe nao mpaka mpunga uvunwe. Sasa mpunga ulikuwa umevunwa, na shangazi Veneranda, dada yake marehemu baba, alikuwa anamtaka Skola, kitinda mimba wetu. "Waje wote nile nao siku moja," ndivyo alivyomtuma mtu aniambie, "na hapo tutaamua huyo mdogo abaki wapi."

Naandika habari za safari hii kwa wenzangu wenye watoto wadogo na mfuko mwepesi, kwa maana wengi huniuliza niliwezaje kuwatembeza wote siku moja. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, naitwa Longino. Shule niliiacha baba alipotangulia, na tangu siku hizo nabeba magunia kwenye mashine ya kukobolea mpunga hapa Ifakara. Anayenifuata ni Filomena, anayepika na kufua kama mtu mzima ingawa bado anacheza kombolela. Kisha Benno, aliyeanza kung'oka meno ya mbele. Kisha Skola, ambaye alijifunza kutembea mwaka ule mama alipoanza kuugua.

Alfajiri, nyumbani. Mashine ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo, kwa hiyo siku hiyo sikuwa na kazi. Mwili haukuijua habari hiyo. Ulikuwa mzito kama siku zote, na nilikaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza majogoo, natamani kulala tena. Filomena alikuwa ameshaamka. Alichemsha viazi vitamu, akafunga wali kwenye majani ya mgomba, akajaza maji kwenye kibuyu. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: chakula kitoke nyumbani, kwa maana mtoto akiona andazi njiani haoni kitu kingine. Tulimwosha Benno kwa nguvu. Skola nilimfunga mgongoni kwa kanga ya mama, tukatoka.

Kituoni, karibu na soko. Wanawake waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao waliniona na ile kanga wakaanza.

"Kijana, umejifungua lini?"

"Hongera ya uzazi. Mbona hukutuita tuje na uji?"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Hamwoni kiuno kimelegea? Huyo bado hajatoka arobaini."

Nilicheka nao. Mtu asiyejua kuchekwa asitembee na watoto.

Sasa niwaeleze desturi ya basi la Mahenge, linalopita Lupiro, kwa sababu mambo yote ya siku ile yalitokana nayo. Mtoto wa kupakatwa halipiwi nauli. Mwenye watoto wengi hupakata mmoja, wengine huwagawia abiria, na hakuna anayekataa. Aliyepokea mtoto hampokezi mtu mwingine. Humrudisha mkononi mwa yule yule aliyempa. Hata akija mtu kusema mimi ni mjomba wake, hapewi. Kwa njia hiyo nilijilipia mimi na Filomena, nikabaki na wawili wa kupakatwa.

Kondakta alimtazama Benno kuanzia miguuni. "Huyu naye wa kupakatwa? Huyu ana meno ya kutafuna mahari."

"Meno yenyewe hana," nikamwambia.

Benno akafungua kinywa kuonyesha pengo. Abiria wakacheka, kondakta akatupisha. Benno nilimweka kwenye mapaja yangu kwa kuwa nililijua tumbo lake. Skola alipakatwa na mzee mmoja aliyekuwa anakwenda mtoni tu, akamchezea ndevu mpaka tukafika.

Kivukoni. Hapo abiria wote huteremka, basi hupanda pantoni peke yake, kisha watu hufuata kwa miguu. Mzee alinikabidhi Skola na kwenda zake. Kilombero wakati wa kiangazi hurudi ndani ya kingo zake, lakini bado ni mto wa kuheshimu. Wanaume wa pantoni walishika waya wakawa wanavuta kwa pamoja, polepole, na sisi tukasimama pembeni ya magurudumu. Viboko wawili waliinua masikio mbali kidogo. Benno alitaka kujua kama kiboko hulipa nauli ya kuvuka. Filomena, ambaye kazi zimemfanya mkimya, aliinama akagusa maji kwa ncha za vidole, akajipaka usoni, akatabasamu peke yake. Nilipomwona hivyo nilijiambia kwamba hata ikiwa sitafaulu jambo jingine leo, hili limefaulu.

Ng'ambo ya mto. Hapo walipanda abiria wapya, nafasi zikavurugika. Mwanamke mmoja mnene, mchuuzi wa samaki, aliingia na tenga la kambale waliokaushwa kwa moshi, akapata kiti mbele karibu na dereva. Sisi tulisukumwa nyuma kabisa. Aliponiona nahangaika na wawili, alinyoosha mikono juu ya vichwa vya watu.

"Lete huyo mdogo. Hapo nyuma vumbi litamla."

Nikampitisha Skola mkono kwa mkono mpaka kwake. Alimfunika kwa kanga yake, na kabla hatujafika Minepa nikaona kichwa cha Skola kimelala begani mwake. Basi lilijaa harufu ya samaki na petroli. Benno akaanza kushikwa na kichefuchefu.

Lupiro, jua likiwa limepanda. Basi liliposimama tu, Benno alinitapikia shati. Nilimbeba mbio mpaka kwenye nyasi za kando ya barabara, nikamshika paji la uso huku anaendelea. Nyuma yangu nilisikia Filomena akipokea mzigo dirishani, kapu, kibuyu na mfuko wa mchele wa shangazi. Nilijua vyote vinateremka, na Skola pamoja navyo. Filomena naye, kwa kuwa ni mimi niliyempa yule mama mtoto, alijua ni mimi nitakayekwenda kumpokea. Ndivyo desturi inavyosema. Na yule mama, nadhani, alikuwa ametulia kitini akinisubiri nije. Kondakta akapiga bati mara mbili, basi likaondoka.

"Mpe Skola maji," nikamwambia Filomena bila kugeuka.

"Skola unaye wewe, kaka."

Nikageuka. Barabarani kulikuwa na kapu, kibuyu, mfuko wa mchele, na vumbi likipanda kuelekea Mahenge. Nilikimbia. Sijui nilikimbia mpaka wapi. Najua tu kwamba nilipoishiwa pumzi, hata mlio wa basi ulikuwa haupo. Niliporudi, Filomena alikuwa amekaa chini, amekumbatia kapu, analia bila sauti, na Benno anamfuta machozi kwa mkono wenye matapishi.

Nyumbani kwa shangazi. Ni mwendo mfupi kutoka barabarani, lakini kwangu ulikuwa mrefu. Nilikuwa nimekuja kumwonyesha shangazi kwamba naweza kulea, na nilikuwa naingia uani kwake bila yule mtoto mwenyewe anayegombaniwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona wawili?"

Nikamweleza. Alisikiliza amesimama, mkononi ana mwiko.

"Amepitilizwa na nani?"

"Mama mmoja mwenye samaki."

"Jina lake?"

"Silijui."

"Kijiji chake?"

"Alipandia mtoni."

Shangazi alikaa kwenye kigoda. "Mimi nimechinja kuku kwa ajili ya mtoto," alisema, "wewe unaniletea habari za samaki."

Nilisema nitakwenda Mahenge kwa miguu. Akasema nitakuwa bado napanda mlima wakati basi linashuka, tupishane, na hapo tutakuwa tumepoteza wawili. Basi hushuka alasiri. Nikae. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

Mchana, hapo hapo. Tulikula, au niseme Benno alikula. Alikula sehemu yake, akala na yangu, kisha akauliza, "Kwa hiyo Skola anafika mpaka Mahenge?"

"Nyamaza," Filomena akamwambia.

"Na nauli hakulipa," akasema kwa wivu.

Filomena alinivua shati bila kuniuliza, akalifua pamoja na la Benno, akaanika kwenye ua. Shangazi alikuwa anamtazama. Alimtazama anavyokung'uta nguo kabla ya kuanika, anavyompa Benno maji kabla ya kunywa yeye. "Nani kakufundisha?" aliuliza. Filomena akajibu, "Mama. Na kaka." Shangazi akaguna, sikujua ni mguno wa namna gani.

Baadaye aliniita ndani. Chumba chake cha pili kilikuwa kimefagiliwa, na sakafuni palikuwa na mkeka mdogo mpya, wa kimo cha mtoto. Alikuwa ameusuka mwenyewe.

"Ninyi mnafikiri namtaka wa kufukuza ndege shambani," alisema. "Mtoto wa kimo kile anafukuza ndege gani? Nakaa kwenye dungu msimu mzima nawapigia kelele ndege, na jioni nikirudi nyumbani sina wa kumwambia hata neno. Wanangu wameoa mbali. Nyumba imekuwa kimya, Longino. Na wewe una miaka mingapi? Utaoa lini, na wadogo watatu mlangoni? Nani atakupa binti?"

Nilirudi nje nikaketi barabarani chini ya jua, nikiwa nimevaa kanga ya mama mabegani kwa kuwa shati lilikuwa halijakauka. Nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ya magunia. Gunia ukilitua umelitua. Nikafikiri mengi, na niliyofikiri nitayasema wazi. Nilifikiri kwamba shangazi ana haki. Ana nyumba, ana mpunga, ana mikono miwili isiyo na kitu, na mimi mikono yangu imeshindwa na watatu katika safari ya asubuhi moja. Nikaazimia kwamba Skola akirudi salama nitamwacha pale. Nilipoazimia hivyo nilipata kama nafuu, lakini nafuu yenyewe ilikuwa ile ya mtu anayelala kwa kuwa homa imemshinda.

Alasiri, barabarani. Tulilisikia basi kabla ya kuliona. Shangazi alitoka mbio, kanga haijafungwa vizuri, akanipita. Lilisimama. Likateremshwa kwanza lile tenga, likiwa tupu, kisha akateremka yule mchuuzi, na mgongoni mwake Skola, macho makavu, mkononi ana kipande cha kambale alichokitafuna mpaka mifupa.

Shangazi alinyoosha mikono. Yule mama akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe nani?"

"Shangazi yake. Mtoto wa kaka yangu huyo."

"Sikukuona ndani ya basi," mchuuzi akasema. "Aliyenipa ni kijana mrefu. Yuko wapi?"

"Niko hapa, mama."

Alinitazama na ile kanga mabegani. "Ndiye huyu. Shati ndiyo uliliuza?"

Watu dirishani wakacheka. Kisha akanikabili. "Sikiliza, kijana. Nimekaa nikikungoja, usingizi ukanichukua, nimegutuka tumeshaanza kupanda mlima. Nimemwambia dereva arudi, akasema gari haligeuki kwenye kona kwa ajili ya mtu aliyelala. Tukakutana na lori linashuka, dereva wake akasema nimpe amlete. Nikakataa. Watu wa Mahenge nao wakasema niwaachie, wao wataleta kesho. Nikakataa. Nilikuwa nilale kule kwa binti yangu, sikulala. Samaki nimeuza mtoto akiwa mgongoni, na wanunuzi wote wamedai nimepata mjukuu mweusi kuliko mimi. Haya, mchukue."

Alimfungua, akamweka mikononi mwangu. Skola akanishika shingo kwa ule mkono wa samaki.

"Umepokea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema wasikie. Nisije nikaitwa mwizi wa watoto mpaka Ifakara."

"Nimepokea, mama."

"Haya."

Dereva akapiga honi. "Wa Ifakara pandeni, mto haungoji."

Filomena alikuwa ameshabeba kapu. Shangazi alisimama mbele yangu.

"Basi mwache," alisema kwa upole. "Tulisema tutaamua leo. Umeona mwenyewe."

Nilikuwa nimeazimia, nawaambieni. Neno la kumkubalia lilikuwa kinywani. Lakini nilikuwa nimetoka tu kusema neno jingine mbele ya watu, na neno hilo lilinikumbusha mara ya kwanza nilipolisema.

"Shangazi," nikasema, "siku mama aliponipa mtoto huyu alikuwa hawezi kuinua kichwa. Aliniambia mshike. Nikasema nimepokea. Kama mama angekuwapo ningemrudishia yeye. Wengine siwezi kuwapa."

Hakuna aliyecheka dirishani. Shangazi alimtazama mchuuzi wa samaki, kama anayetafuta wa kumsaidia.

"Dada," yule mama akamwambia, "hapo mimi sina la kuongeza. Mimi mwenyewe nimekunyima sasa hivi."

Shangazi alifunga kanga yake vizuri. Alichukua muda kuifunga. Kisha akamshika Skola mguu, ule mguu uliokuwa unaning'inia, akaukung'uta vumbi.

"Mkeka unabaki kwangu," alisema. "Sitakupa. Wazee nitawaambia niliomba nikajibiwa." Akamgeukia Filomena. "Na wewe, shati la kaka yako linanikaukia uani. Kimbia."

Kurudi. Tulipata kiti kimoja. Nilimpakata Skola mguu mmoja na Benno mguu mwingine, na mtu wa pembeni alipotaka kunipokea mmoja nikamwambia asante, wananitosha. Mchuuzi wa samaki, aliyekuwa amesimama karibu, aliguna.

"Sasa umekuwa bahili wa watoto," alisema. "Mikono itakufa kabla ya mto. Kosa la asubuhi halikuwa kunipa. Kosa ulikaa ukingoja uletewe, na mimi nikakaa nikingoja nifuatwe. Ukigawa, shuka wa kwanza, nenda ukadai."

Kabla ya Minepa mikono ilikuwa imekufa kweli. Nikampa Benno yule mtu wa pembeni, nikamtazama njia nzima mpaka akaanza kuona haya. Kwenye mto nilikuwa wa kwanza kusimama. "Nipe wangu," nikasema, akanipa, nikasema nimepokea. Mama wa samaki alibaki kwao mtoni. Nilimshukuru, akanijibu kwamba nikipita tena ninunue samaki, shukrani haziingii kwenye chungu.

Tulifika Ifakara giza likianza kuingia. Kutoka kituoni Skola alikuwa mgongoni, amelala, Filomena amebeba kapu, na Benno anaburuta miguu akiuliza kwa nini matembezi huisha kwa kutembea. Tuliwasha moto, tukala viazi vilivyobaki, tukalala.

Wanaoniuliza kama siku ile ilifaa, nawajibu kwamba ilifaa, lakini mjue mtarudi mmechoka. Nimeona kwamba peke yangu siwezi kuwapakata wote, na wala si aibu. Mapaja ya watu yapo. Kwa hiyo kabla mvua hazijafunga barabara nitampeleka Skola kwa shangazi, akae siku chache, alale kwenye ule mkeka na kuijaza kelele ile nyumba yake iliyo kimya. Shangazi nimeshamtumia neno. Nimemwambia ampokee mbele ya watu, na kwamba siku ya kumchukua nitakwenda mimi mwenyewe.